Mwenye swali asiitwe mpinga chanjo

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika wiki iliyopita kwamba janga jingine likija, anayekataa chanjo asipewe kitanda hospitalini. Akaongeza kwamba watu wa namna hiyo ni wajinga na kuwaelimisha ni kupoteza muda. Mimi ni muuguzi mstaafu. Wakati wa UVIKO-19 nilipangiwa meza ya chanjo, nikachanja watu wa kila aina, na hao wajinga anaowasema niliwaona wachache mno. Wengi niliowaona walikuwa na swali.

Anayepinga chanjo zote yupo, sikatai. Huyo hotuba yake anayo tayari na mezani haji. Kuna mwingine anataka kuchanjwa ila hapati nafasi. Halafu kuna umati mkubwa wa wanaosita: leo hapana, kesho labda, akimwona jirani amechanjwa na hajadhurika, anakuja mwenyewe bila kuitwa. Shirika la Afya Duniani lilikutaja kusita huko miongoni mwa vitisho 10 vya afya duniani mwaka 2019, korona ikiwa bado haijasikika. Tusiseme basi kwamba jambo hili lililetwa na korona.

Nianze na wale wanaotaka ila hawapati, maana kwenye hesabu za wakubwa nao huingizwa kundi la waliokataa. Kichupa cha chanjo ya korona ya AstraZeneca kilikuwa na dozi 10, na kikishafunguliwa kilitakiwa kitumike ndani ya saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Mkubwa wetu wa zamu hakutaka kuulizwa kuhusu dozi zilizomwagwa, hivyo tukaagizwa tusifungue kichupa mpaka watu watimie kumi. Asubuhi moja akaja mlinzi aliyetoka lindo la usiku. Alikaa kwenye benchi, kofia ya kazi mapajani, akawa anasinzia na kuzinduka. Kila akizinduka ananiuliza, "Nesi, tumefika wangapi?" Tulipokwama kwenye saba akatazama mlangoni, akatazama saa kwenye simu, akaaga. Sikumwona tena. Dozi ikimwagwa inaandikwa na kuna mtu atahojiwa. Mlinzi akiondoka bila kuchanjwa haandikwi popote, ila baadaye tunamsoma gazetini ndani ya ile asilimia ya "wasiojitokeza".

Sasa hao wenye maswali. Alikuja mama mmoja kijana, simu mkononi, ana sauti aliyorushiwa kwenye kundi la familia: mtu anayejiita daktari anasema chanjo inafunga kizazi. Alinisogelea ili wa nyuma yake wasisikie. Mwenzangu wa meza ya pili akadakia, "Mama, hayo ya mitandaoni achana nayo, kaa uchomwe." Yule mama akaushusha mkono wa blauzi aliokwisha kuukunja. Nikamvuta pembeni. Sikuanza kwa kumwambia amedanganywa; nilimuuliza anachoogopa ni nini hasa. Kumbe alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka na hajapata. Ukishajua hilo, unaelewa kwamba ile sauti ilimpata pale pale panapomuuma.

Nilimweleza ninayoyajua: kwamba chanjo ile huufundisha mwili kuitambua protini moja ya kirusi, kisha yenyewe huvunjwavunjwa na mwili, kwamba hata ndani ya majaribio ya chanjo wapo wanawake walioshika mimba baada ya kuchanjwa. Hakuchanjwa siku ile. Alirudi baadaye na dada yake, na maswali mengine juu. Dada mtu ndiye aliyetangulia kukaa kitini.

Kuna jambo linaloniudhi mpaka leo katika habari hiyohiyo. Wanawake wengi walitwambia kwamba baada ya chanjo hedhi zao zilichelewa. Maelekezo tuliyopewa yalikuwa tuwaambie ni wasiwasi tu. Tafiti zilipofanyika ikaonekana wanawake walikuwa wanasema kweli: mzunguko ulirefuka kwa wastani wa chini ya siku moja, kisha ukarudi kama kawaida. Ni jambo dogo, halina hatari. Lakini mwanamke uliyemwambia kwamba mwili wake anausingizia, kesho ukimwambia kizazi chake kiko salama atakuamini kwa lipi?

Msomaji wenu anadhani kutoamini kunatokana na kutosoma. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya dawa ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa mpya. Kesi zake ziliendelea kwa miaka, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa fidia. Majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria yaliposimamisha chanjo ya polio mwaka 2003, Kano ikiwemo, kumbukumbu hiyo ilikuwa bado mbichi, na polio ikasambaa hadi nchi ambazo zilikwisha kuiondoa. Pakistan nako, mwaka 2011, majasusi wa Marekani waliendesha kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad wakimsaka Osama bin Laden. Baada ya hapo wachanjaji wa polio, wengi wao wanawake, wakaanza kuuawa barabarani. Mzazi wa Kano au wa Abbottabad akimwangalia mchanjaji kwa jicho la wasiwasi, nitamwita mjinga kwa kipimo kipi?

Na wakati wa korona yenyewe, angalia Ufaransa. Februari 2021 watu waliambiwa AstraZeneca ni ya walio chini ya miaka 65. Machi ikasimamishwa kwa siku chache, iliporuhusiwa tena ikawa ni ya wenye miaka 55 na kuendelea. Yaani mzee aliyeambiwa haimfai, mwezi uliofuata akaambiwa ni yake! Sababu zilikuwepo. Mwanzoni wazee walioingia kwenye majaribio walikuwa wachache, hivyo wataalamu wakasita; halafu likajitokeza tatizo la damu kuganda, nadra sana lakini la kweli, na likaonekana zaidi kwa walio na umri mdogo. Anayefuatilia anaelewa. Asiyefuatilia alisikia tu wakubwa wakigeuza maneno, na mimi huyo siwezi kumlaumu.

Waliofanya vizuri katika hili ni Malawi. Mei 2021 walichoma hadharani dozi 19,610 zilizopitwa na muda, kwa sababu watu walikwisha kusikia kwamba kuna chanjo zilizoharibika na wakaogopa kuchomwa hizo. Wapo waliolalamika kwamba ni aibu kuchoma chanjo dunia ikiwa na uhaba. Mimi niliwapongeza, maana mwenye hofu alioneshwa mabaki yakiteketea, hakuambiwa tu "tuaminini".

Kuhusu kulazimisha, sitaki kujifanya kwamba shinikizo halifanyi kazi. Julai 2021 Rais Macron alipotangaza kwamba mikahawani na kwenye treni za masafa marefu utaingia kwa cheti, mamia ya maelfu ya Wafaransa walijiandikisha ndani ya siku moja. Austria nao wakatunga sheria ya chanjo ya lazima, ikaanza kutumika Februari 2022, Machi ikasimamishwa, na kabla mwaka haujaisha ikafutwa. Mezani kwangu, siku zile za kudaiwa cheti, walikuja wengi kweli. Wakiketi swali la kwanza ni kadi inatoka saa ngapi. Mmoja, amevaa nadhifu, akaniuliza kama naweza kumwandikia kadi tu na sindano "tukaisamehe". Huyo ndiye mpinga chanjo niliyempata baada ya muda wote ule, na asingeletwa na kitu kingine isipokuwa shinikizo kama lile analolitaka msomaji wenu.

Nina mfano mwingine ninaoupenda, wa mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Ali Maow Maalin. Oktoba 1977, akiwa na miaka 23, aliugua ndui baada ya kupanda gari moja na wagonjwa. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya asili. Mwaka 1980 ukatangazwa kwamba umetokomezwa. Na huyu ni mtu wa hospitalini, chanjo ipo hatua chache kutoka jikoni kwake. Kwa nini hakuchanjwa? Alieleza mwenyewe baadaye: aliogopa, sindano ilionekana inauma. Hakuna cha njama, hakuna cha siasa. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya kutokomeza polio, akawa anawasimulia wazazi wanaosita habari zake mwenyewe, na mwaka 2013 alifariki kwa malaria akiwa katika kazi hiyo. Maofisa wangapi wa afya wangemfikia mzazi wa Merca kama alivyomfikia yeye?

Hofu ya sindano, kwa taarifa yenu, ni kubwa kuliko mnavyoandika. Wanaume wenye misuli ndio walioniambia wana "haraka kidogo" wakiona bomba. Unamgeuza uso, unampa mazungumzo, mwishowe anauliza kama umeshamaliza. Kazi hiyo haina bajeti popote.

Janga jingine litakapokuja, nataka kichupa kifunguliwe hata amekuja mmoja. Nataka meza iwe wazi jioni, mtu akitoka kazini aikute, na mchanjaji asipimwe kwa idadi ya sindano pekee, maana mazungumzo ya yule mama peke yake yalikula muda wa kuchanja watu watano. Maudhi yatajwe mapema: mkono utauma, homa inaweza kuja, anayelipwa kwa siku ajipange. Na ninyi gazetini, badala ya kuchapisha kila siku idadi ya waliokufa na picha ya waziri akikunja shati, tengeni safu ambamo muuguzi anajibu maswali ya wasomaji, hata yale ya aibu, hasa yale ya aibu. Mkikosa wa kumwita, mimi nimestaafu na muda ninao.

Muuguzi mstaafu
(Jina langu mnalo, naomba lisichapishwe.)