Mama, Siri ya Bibi Haijauzwa

Angoulême, Ufaransa

Kwa Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Shikamoo Mama, na shikamoo zangu ziwafikie Baba, Shangazi na wakubwa wote wa hapo nyumbani. Mimi ni mzima, kazi inakwenda, baridi imeanza lakini koti ninalo, na kuhusu hayo sina la kuongeza. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu kila ninapopiga, Shangazi huichukua simu kabla hatujamaliza salamu, na jambo hili nataka lisomwe mpaka mwisho bila kukatizwa.

Nimeusikiliza ujumbe wa sauti alioutuma katika kundi la ukoo, kwamba nimeichukua biriani ya marehemu Bibi nikaiuza kwa Wazungu kupitia katuni ninayoichora ya kusomwa kwenye simu, ile ya mapishi ya nyumbani kwetu. Tuhuma hiyo imeniuma, na naomba umsomee haya yafuatayo polepole. Sehemu ile ya katuni inaanza alfajiri ya siku ya harusi katika ua wetu wa nyuma: masufuria juu ya mafiga, vitunguu vinavyokaangwa mpaka vikageuka rangi, nyama iliyolazwa kwenye mtindi na papai bichi, wali ulionyunyiziwa zafarani, na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko. Ni mpishi gani wa Mombasa asiyeyajua hayo? Inapofika zamu ya masala, Bibi nimemchora amegeuka, mgongo wake na kanga yake vimeijaza skrini nzima, fremu baada ya fremu, kama alivyokuwa akitugeuzia mgongo sisi sote, Shangazi akiwemo. Mfaransa atakayejaribu kuipika biriani ile kwa kufuata michoro yangu atapata wali wenye rangi nzuri na nyama laini, na hapo ndipo atakapokwama.

Picha ya viungo iliyozagaa kwenye kundi haikutoka katika sehemu ya biriani hata kidogo. Athumani aliikata kutoka sehemu ya pilau, na hiyo ni bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, vitu ambavyo muuza viungo yeyote wa soko la Marikiti atakufungia kwenye karatasi kabla hujamaliza kutamka pilau. Kwa nini aliiweka chini ya jina la biriani, muulizeni yeye. Na kwa kuwa tunasemezana ukweli, mimi nadhani kilichomkera Shangazi zaidi ni jinsi nilivyomchora yeye mwenyewe, amejifunga kibwebwe, mdomo wazi, anawaamrisha wanaume wapakue upesi. Wasomaji wanampenda kuliko mhusika mwingine yeyote. Hilo pia umsomee.

Huwa najiuliza kama huko nyumbani mnaiona kazi yenyewe au mnatafuta tu nani amechorwa. Katuni ya simu si ukurasa wa gazeti ambao jicho huutazama wote kwa pamoja. Wakorea ndio walioizoesha dunia mtindo huu wa kushuka na kidole, na ndani yake nafasi iliyo kati ya picha na picha ndiyo muda wenyewe. Katika sehemu ya mahamri, baada ya wewe kuukanda unga na kuufunika kitambaa, niliacha weupe mtupu mrefu kabisa, msomaji ashuke, ashuke, asubiri unga uumuke kama tulivyokuwa tukisubiri sisi. Baadhi yao waliniandikia wakidhani simu zao zimekwama. Nilifurahi mno, maana hamri haliharakishwi.

Rangi ndiyo iliyonitesa. Chakula chetu kizuri kingi ni cha rangi ya udongo, na mbaazi za nazi ukizichora kwa hudhurungi ile ile unayoiona chunguni, kwenye skrini zinaonekana kama kitu kilichomwagika. Nimejifunza kutafuta mng'ao wa tui linapoelea juu, wekundu mdogo chini ya kivuli, na mvuke ambao hauchorwi bali huachwa, kwa kufifisha kilicho nyuma yake. Kwa tui nililichora upya mara nyingi: tui la kwanza halianguki kutoka kwenye kifumbu kama tui la pili, lile la kwanza ni zito na hujikokota, na kama mkono uliochora haujawahi kukamua nazi, msomaji wa Lamu au Tanga atagundua mara moja.

Sasa mwambie Baba, ambaye alikuwa akinisomea Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo halafu ananyang'anya penseli akisema uchoraji hauna ugali, kwamba mwanawe anaishi katika mji ambao vibao vya majina ya mitaa vimetengenezwa kwa umbo la viputo vya maneno. Kuta za majumba zimechorwa katuni kutoka chini mpaka juu. Mwaka 1974 lilianzishwa hapa tamasha la katuni la mwezi wa Januari, na wachoraji wamekuwa wakisafiri kutoka pembe zote za dunia kulijia. Mimi nimetia sahihi mkataba na mchapishaji, kitabu kitatoka kwa Kifaransa, na nimeshikilia kwamba milio yote ya jikoni ibaki kwa Kiswahili. Mhariri alibisha siku mbili tatu akakubali.

Ninachokula mimi ni habari nyingine. Tui hapa ni la kopo. Sokoni, chini ya paa la chuma na vioo, wanauza konokono, na watu wa mkoa huu hujivunia konokono wao kama sisi tunavyojivunia samaki wa kupaka. Siku ya Idd niliketi kuchora viazi karai, nikachora na bakuli la ukwaju pembeni, kisha nikashindwa kuendelea, nikaenda kulala mchana.

Kuhusu mchango wa harusi ya Mwanaidi, msiamini habari kwamba nimetajirika. Katuni husomwa bure. Mchapishaji hulipa kwa mafungu, moja wakati wa kutia sahihi, jingine ninapokabidhi michoro yote, na lile la kwanza limeshakwenda kwenye kodi ya nyumba. Hata hivyo harusi ya mdogo wangu haitapikwa kwa mkopo nikiwa hai. Mchele, nazi na samli ni juu yangu. Nyama waambie kaka zangu, maana wako watatu na wote wana kazi. Fedha nitazituma kwa M-Pesa kwenye nambari yako wewe, Mama, wala si kwa Athumani, na tafadhali usimpe simu akusaidie kuzitoa.

Shangazi akipoa, muombe ruhusa nimchore tena kwenye sehemu ya harusi hii. Akikataa, nitamchora kwa mgongo.

Wasalaam,
Mwanao