Bomba Liweke Chini Kwanza

Swahiba wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, maana umeandika kama mtu aliyepigana mieleka na nati tangu asubuhi hadi magharibi, na nati ikashinda. Nati sita zinaushika mguu wa boti, yaani kile kipande cha nyuma kinachobeba propela, na tano zimetoka. Ya sita, ile ya chini kushoto, haitaki hata kusikia jina la spana. Sasa unaniuliza kama utafute bomba refu ulivike kwenye mkono wa spana ili upate nguvu zaidi.

Bomba liweke chini kwanza, tafadhali. Mimi nimeshalitumia. Mguu wa boti yangu ulikuwa haujashushwa kwa misimu minne, nami nikaona aibu kushindwa na kitu kidogo kuliko kidole gumba. Nikavika bomba, nikalilalia kwa uzito wangu wote. Nati ikasogea, tena kwa ulaini, nikajisifu. Kumbe hakuna nati iliyosogea: stadi yenyewe, ile bolti isiyo na kichwa ambayo nati hufungwa juu yake, ndiyo iliyokuwa ikijisokota kama kamba, na ilipokatika ilitoa kisauti kidogo tu, tik, nikabaki nimekaa chini na spana mkononi. Kazi ya saa moja ikageuka ya siku tisa.

Unachopambana nacho si ile kutu nyekundu tu tuliyoizoea. Mguu ni wa alumini, stadi ni za chuma, na katikati yake yameingia maji ya chumvi. Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji hayo huwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini kwa sababu ndiye dhaifu. Anapoliwa huacha unga mweupe, na unga huo huhitaji nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Kwenye tundu ambalo pengo lake ni la unywele, unga huvimba, hujibana, ukawa kama saruji. Ndiyo maana hata nati zote sita zikitoka unaweza kuta mguu umeng'ang'ania stadi na hautaki kuvutika.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kilichoganda ni kipi? Nati juu ya stadi, au stadi ndani ya alumini? Chukua brashi ya waya, safisha ncha ya stadi hadi ing'ae, kisha piga mstari mmoja wa kalamu juu ya nati na ncha hiyo. Jaribu kufungua kidogo sana. Mstari ukivunjika, nati inatembea. Ukizunguka mzima, stadi inakuja na nati yake, na wala hilo si baya. Iache itoke yote. Mimi nisingekatikiwa kama ningepiga huo mstari.

Kisha mafuta ya kupenya. Wengine huchanganya asetoni na mafuta ya gia otomatiki nusu kwa nusu, na hufanya kazi vizuri, ila asetoni hushika moto upesi, usiisahau nitakapofika kwenye joto. Paka jioni, gongagonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo, kwa mapigo mengi mepesi badala ya machache mazito, ulale. Asubuhi rudia. Mtetemo ndio unaofungulia mafuta njia ya kupita kwenye ule unga. Soketi iwe ya pembe sita, si ya kumi na mbili, kwa sababu ya kumi na mbili hushika kwenye kona na nati ikishaviringika umejiongezea balaa. Na usianze kwa kufungua. Kaza kwanza, kiasi cha nywele, ndipo ulegeze. Nenda mbele, rudi nyuma, ongeza mafuta. Ikianza kulia kama mlango mkavu, simama, irudishe.

Sasa joto. Alumini hutanuka karibu mikromita 23 kwa kila mita kwa kila digrii moja ya Selsiasi, chuma cha pua 16 au 17, chuma cha kawaida 12 hivi. Maana yake ukipasha alumini inayoizunguka stadi, tundu linapanuka kuliko stadi, na ule unga unapasuka. Lakini kama iliyoganda ni nati, pasha nati yenyewe, upesi, kabla joto halijafika kwenye stadi. Tumia bunduki ya hewa ya moto. Tochi ya gesi siipendi hapo: mpira wenye mikunjo uko jirani, na alumini huyeyuka kwenye digrii 660 bila kuwa nyekundu kwanza ikuonye. Funika mpira kwa kitambaa kibichi. Futa mafuta yote ya jana. Halafu fungua kifuniko cha injini, washa feni, na uinuse ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, kwa pua yako mwenyewe. Wazee walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, na marejeo yake ni huko huko.

Ikigoma baada ya siku tatu za mafuta na joto, ipasue nati. Ndiyo, ipasue, kwa kipasulia nati au kwa patasi kali. Nati ni kitu cha kutupwa, stadi iliyokatikia ndani si hivyo.

Na kama itakatika licha ya yote, usikimbilie ile skrubu ya kuchomolea visiki vya stadi zilizokatika. Ni chuma kigumu sana na chepesi kuvunjika, na ikivunjikia ndani hakuna keekee ya kawaida itakayoitoboa. Hizo siku tisa zangu, saba zilikuwa za skrubu hiyo. Kama kisiki kimechomoza hata kidogo, mwite mchomeleaji abandike nati mpya juu yake. Joto la kuchomelea peke yake hulegeza nusu ya kazi. Betri lazima iwe imetolewa nyaya kwanza.

Jambo jingine: kama mguu wako ni wa aina ya MerCruiser Alpha, weka gia ya mbele kabla ya kuuvuta, na uwe na kitu cha kuubeba, maana ni mzito na nati ya mwisho ikitoka hautakungojea.

Wakati wa kurudisha, safisha hesi hadi uone chuma, paka grisi ya baharini isiyoondoka na maji. Grisi yenye unga wa shaba isikaribie alumini hata kidogo, ni kuongeza betri nyingine. Na uzitazame zinki zako, vile vipande vinavyofungwa kwenye mguu ili viliwe kabla ya alumini. Barua nzima hukuzitaja, nami nina wasiwasi ziliisha zamani na mguu ndio umekuwa ukiliwa badala yake.

Piga ule mstari wa kalamu kesho asubuhi, kisha uniandikie kama umevunjika au umezunguka mzima. Nikijua hilo nitajua nije na bunduki ya hewa ya moto au na patasi.

Wako,
yule wa siku tisa