Swahiba, umeniuliza kuhusu bendi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Georgia, Marekani. Mimi na mama watoto hatujambo, ila kibaridi kimeanza kutubisha hodi. Natumai shemeji ni mzima na mtoto homa imemwachia.

Barua yako imenichekesha sana. Eti nimepatwa na nini, mtoto wa Ilala niliyekulia kwenye madansi ya bendi ya Msondo, leo nawafuata Allman Brothers, wazungu wenye nywele ndefu ambao wengi wao ni marehemu? Halafu chini kabisa ukaliweka la maana: kwamba siku hizi ukienda dansini huzioni tena sura ulizozizoea. Waimbaji wetu wa zamani, Gurumo hayupo, TX Moshi William hayupo, sasa ile bado ni Msondo au limebaki jina? Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu watu wa huku wanabishana juu ya jambo hilo hilo.

Kwanza, si wazungu watupu. The Allman Brothers Band iliundwa Jacksonville, Florida, Machi 1969. Duane Allman, kaka mkubwa na mpiga solo, alianza kwa kumchukua mpiga drams mweusi wa Mississippi anayeitwa Jaimoe, ambaye alishawahi kumpigia mwimbaji wa soul Otis Redding. Hapo Martin Luther King hana hata mwaka kaburini, na wao wanataka kuzunguka Kusini ya Marekani wakiwa bendi ya rangi mbili. Butch Trucks, mpiga drams wa pili, alipenda kusimulia jinsi Duane alivyomleta Jaimoe nyumbani kwake, akawatambulisha, kisha akaondoka zake akamwacha mgeni pale pale. Wakajikuta hawana budi kuzoeana. Ukiacha miaka fulani ya magomvi, wale wawili walikaa kwenye drams zao bega kwa bega mpaka bendi ilipofungwa. Kati ya sita wa mwanzo amebaki Jaimoe peke yake, mzee wa miaka zaidi ya 80. Kwa hiyo ukiniuliza namfuata nani, namfuata Jaimoe.

Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni mzee mmoja wa kizungu tunayefanya naye kazi zamu ya usiku. Alinipa rekodi ya onyesho lao la ukumbi wa Fillmore East, New York, Machi 1971. Kuna wimbo mle wa dakika 23, umemaliza upande mzima wa santuri. Nikasema hawa watu wanapiga sebene! Magita mawili ya solo, la Duane na la Dickey Betts, yanapokezana, mara yanakwenda sambamba kama waimbaji wawili, halafu kila mmoja anashika njia yake na drams mbili zinawasukuma kwa nyuma. Gregg, mdogo wake Duane, yuko kwenye kinanda, na sauti yake ni ya mtu wa makamo. Alikuwa na miaka 23.

Sasa mashabiki wa bendi. Hawa huwawezi. Jalada la santuri hiyo lina picha ya bendi mbele ya masanduku ya vyombo, na nyuma wamepigwa picha wabeba vyombo wakiwa na bia zao. Mashabiki wanawajua wabeba vyombo hao kwa majina, mmoja mmoja, na wanajua kwamba mmojawapo picha yake ilibandikwa baadaye kwa sababu siku ile alikuwa mahabusu. Ukiwatajia onyesho la mwaka wowote watakuambia zilipigwa nyimbo gani, nani alipanda kama mgeni, na usiku gani ulikuwa mtamu kuliko mwingine. Kuanzia 1989 bendi ilijizoesha kupiga ukumbi wa Beacon kule New York, usiku baada ya usiku, na watu walikuwa wanachukua likizo kazini kwa ajili hiyo. Ikafika hatua onyesho likiisha, rekodi ya usiku ule ule inauzwa, mtu anarudi nayo nyumbani. Yule mzee wa kazini anazo kabati zima. Mkewe ameshakata tamaa.

Nyumbani kwa bendi ni Macon, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka Atlanta. Mzee alinipeleka. Kuna nyumba kubwa barabara ya Vineville walikokuwa wanaishi na familia zao miaka ya 70 mwanzoni, sasa ni makumbusho. Aliyeiokoa ni mpiga picha Kirk West: alianza kama shabiki, akaja kuwa msimamizi wa safari za bendi, na 1993 yeye na mkewe wakainunua. Nadhani hapo ndipo nilipowavulia kofia watu hawa. Sisi Dar vyumba walivyofanyia mazoezi wazee wetu tumeviacha vikawa maduka ya vipuri.

Tukala pia H&H, mgahawa wa mama mmoja mweusi, Mama Louise Hudson, aliyefariki 2022. Bendi ilipofika mjini haina kitu, walikuwa wanaagiza sahani chache wagawane, naye akawalisha wote. Walipopata fedha walimchukua safarini pamoja nao. Chakula ni kuku wa kukaanga na majani ambayo wewe ungeyaita sukuma wiki bila kusita, ila uliza kwanza yamepikwa na nyama gani, huku hawamwonei haya nguruwe.

Halafu makaburi ya Rose Hill, juu ya mto Ocmulgee. Duane alikufa kwa pikipiki hapo hapo Macon tarehe 29 Oktoba 1971, ana miaka 24. Mwaka mmoja na siku chache baadaye Berry Oakley, mpiga besi, naye akafa kwa pikipiki, mitaa michache tu kutoka pale, na yeye ana 24. Wamelazwa ubavu kwa ubavu. Gregg aliungana nao 2017, na rais mstaafu Jimmy Carter alihudhuria mazishi, kwa sababu bendi ilimchangishia fedha za kampeni alipogombea urais akiwa bado hajulikani sana nje ya Georgia. Watu huacha pale vile viplastiki vya kukwangulia nyuzi za gita. Kaburi limebidi lizungushiwe uzio, si kwa ubaya, mapenzi tu yamezidi.

Usidhani walikuwa malaika. Mwaka 1976 Gregg alitoa ushahidi mahakamani dhidi ya msaidizi wa bendi katika kesi ya madawa, wenzake wakaapa kutopiga naye tena. Wakarudiana, wakavunjika, wakarudiana. Mwaka 2000 Dickey Betts aliondolewa kwa barua ya faksi, baada ya miaka 31! Mpaka leo mashabiki wamegawanyika, na ukitaka kuharibu sherehe wewe taja faksi. Nafasi yake hatimaye ikawa ya Warren Haynes, akipokezana na Derek Trucks, mpwa wa Butch, kijana aliyekuwa ameshaingia 1999 na miaka 20 akafanya wazee wanyamaze.

Nije kwenye swali lako. Tarehe 28 Oktoba 2014 walipiga onyesho la mwisho pale Beacon. Waliendelea hadi usiku wa manane ukapita, ikawa tayari tarehe 29, siku aliyokufa Duane, na wakafunga na wimbo wa mkongwe wa blues Muddy Waters ambao ndio wa kwanza kuupiga pamoja mwaka 1969. Basi. Wapigaji walikuwapo, wateja walikuwapo, wakafunga duka. Lakini Lynyrd Skynyrd, bendi nyingine ya Jacksonville, ndege iliwaangusha Mississippi Oktoba 1977, akafa mwimbaji wao Ronnie Van Zant na wengine watano. Mwaka 1987 walirudi na mdogo wake kwenye maikrofoni, na hata baada ya Gary Rossington, wa mwisho wa waanzilishi, kufariki Machi 2023, bado wanazunguka. Yule mzee wa kazini hataki hata kuwasikia. Anasema ni wizi.

Mimi simuungi mkono. Allman ni jina la ukoo. Ndugu wawili wakishaondoka, nani mwingine ataitwa ndugu wa Allman? Ilibidi wafunge Gregg akiwa hai. Skynyrd ni jina la mwalimu wa michezo aliyekuwa akiwasumbua shuleni kwa nywele ndefu, wao wakalipindisha kwa mzaha. Halikuwa la mtu yeyote wa bendi, kwa hiyo yeyote anayeziweza nyimbo zile anaweza kulibeba. Na Msondo je? Imeanza 1964 ikiwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Ikawa Juwata, ikawa OTTU, jina lilibadilika kila chama kilipobadilika. Ile ni kazi, swahiba, na nafasi ya kazi hujazwa. Gurumo mwenyewe alihama 1978 kwenda bendi ya Mlimani Park, na Juwata haikufungwa. Hao vijana unaowalalamikia wameajiriwa kwenye kiti kilekile. Kama mpiga solo ni mbovu sema ni mbovu, hilo nitakubali, lakini usimnyime jina.

Kwa hiyo Jumapili nenda dansini, kisha uniandikie nani anapiga solo na anapiga nini.

Dada yangu anakuja huko Desemba, nimempa fulana yako yenye nembo ya bendi. Ni uyoga. Bi mkubwa akiuliza, mwambie ni wa kupika.

Ni mimi swahiba wako.