Barua kwa Baba, kutoka Melbourne

Melbourne, Julai

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi huku mzima, ila baridi inanibana. Naomba mguu wako uwe umepata nafuu.

Shangazi aliniuliza kwenye simu kwa nini nimekuja mbali hivi kusomea vifo vya seli, na salio likakatika kabla sijamjibu. Tafadhali msomee barua hii.

Seli iliyoharibika hujiua yenyewe, kwa utaratibu. Ndani yake kuna mitokondria zinazoipatia nguvu, na kila mitokondria ina tando mbili. Wauaji ni protini mbili, BAX na BAK. BAK hukaa palepale kwenye utando wa nje. BAX huelea pembeni. Amri ya kufa ikifika zote mbili hubadilika umbo, hushikana mbili mbili, kisha jozi hizo hukusanyika na kuutoboa utando. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani waliziona protini za BAX kwa hadubini zenye nguvu sana zimejipanga pete kamili, nyingine nusu pete. Tundu lenyewe halina kipimo kimoja, Baba, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Linazidi kutanuka, mwaka 2018 watafiti wa hapa Melbourne walionyesha utando wa ndani ukichomoza kupitia humo hadi DNA ya mitokondria ikamwagika.

Lakini kufikia hapo hukumu imeshapita. Saitokromu c, iliyokuwa ikisaidia kutengeneza nishati, huvuja kutoka mitokondria ndani ya dakika chache. Ikiwa nje huungana na protini iitwayo APAF-1, na vimeng'enya vya kaspasi huamka na kuikatakata seli.

Sasa mwambie Shangazi hivi: seli za saratani zilizomchukua marehemu mumewe zilikuwa zimekataa kufa. Kuna protini nyingine, BCL-2, inayowazuia hao wauaji, na saratani kadhaa za damu huwa nayo tele. David Vaux na wenzake waligundua hapahapa Melbourne, mwaka 1988, kwamba kazi yake ni kuiweka seli hai. Leo kuna dawa iitwayo venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Inaibana BCL-2, na BAX na BAK wanapata nafasi ya kutoboa. Ni vidonge tu, mtu anameza nyumbani. Bei yake kwa watu wa kwetu haishikiki, na jambo hilo linaniuma sana.

Msalimie Mama na wadogo zangu. Shangazi akiwa na swali anirekodie sauti Jumapili, siku hiyo siingii maabara.

Mwanao,
Neema