Kipindupindu kikiingia, togwa nayo ipimwe kabla ya kumwagwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako nizungumzie togwa, kile kinywaji cha uji uliochachushwa kwa kimea. Kila kipindupindu kinapoingia mijini kwetu, mabwana afya hupita sokoni na stendi na kupiga marufuku vinywaji vya ndoo. Juisi ya miwa, ukwaju na togwa vyote huishia mtaroni kwa amri moja. Sina ugomvi na mabwana afya, kazi yao ni ngumu na wengi hawapewi hata glavu. Ninachogomba nacho ni amri isiyobagua.

Togwa iliyoiva ina walinzi wake. Uji wa mahindi au mtama ukishapikwa, ukaachwa upoe hadi uwe vuguvugu na kutiwa unga wa kimea cha ulezi, bakteria waliomo kwenye kimea huanza kula sukari na kutoa asidi ya laktiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hapa Morogoro, akina Mugula, pamoja na wenzao wa Norway walichapisha mwaka 2003 orodha ya bakteria hao: Lactobacillus plantarum, Lactobacillus fermentum, Pediococcus pentosaceus na wengineo, wakiishi pamoja na hamira za asili. Kwa muda wa siku moja hivi pH ya uji, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi, hushuka hadi 4 au chini yake. Hapo vimelea vya kuharisha kama Salmonella na Shigella hushindwa kustawi, na kimelea cha kipindupindu ndiyo kabisa, maana hakiwezi asidi. Baadhi ya jamaa za bakteria hawa hutoa hata protini ndogo zinazotoboa utando wa bakteria wengine. Mojawapo, nisini, ilianza kujulikana mwaka 1928 kutoka kwa bakteria wa maziwa, na leo imo kwenye jibini za viwandani kama kihifadhi, kwa namba E234. Ya kiwandani tunaiita teknolojia. Ya mama wa sokoni tunaiita uchafu.

Ushahidi wa hapahapa nyumbani upo. Mwaka 1999 mtafiti Kingamkono na wenzake wa Sweden walichapisha matokeo ya watoto wa Kitanzania wa chini ya miaka mitano: kundi moja lilipewa togwa mara moja kwa siku, jingine likapewa uji usiochachushwa, kwa siku 13. Katika kundi la togwa, watoto waliokutwa na vimelea vya kuharisha walikuwa asilimia 27.6 mwanzoni, na siku ya saba wakawa 7.8. Nisifiche kwamba kundi la uji nalo lilishuka, kutoka 16.7 hadi 8.1. Lakini wiki mbili baada ya kuacha kunywa, la uji lilikuwa limepanda hadi 22.6, la togwa likiwa 12.7 tu.

Sasa tuje kwenye ndoo yenyewe, maana shida iko hapo. Wateja wengi hupenda togwa changa, ile ya saa chache, tamu, ambayo ndiyo hasa watoto hununuliwa. Hiyo haijafikia pH 4. Bakteria wazuri bado hawajashika nchi, na kinachouzwa ni uji wa vuguvugu wenye sukari, ambao mdudu yeyote angeufurahia. Halafu kuna barafu. Saa sita mchana muuzaji huvunja mabonge ya barafu iliyogandishwa kwa maji ya bomba yasiyochemshwa na kuyatumbukiza, pengine na jagi la maji juu yake ili ndoo ifike jioni. Asidi haiui papo hapo, huhitaji saa kadhaa. Kimelea kilichoingia na barafu dakika tano zilizopita kinamfikia mnywaji kikiwa kizima. Kosa hilo ni la barafu, si la togwa.

Ombi langu kwa SUA, Taasisi ya Chakula na Lishe na Shirika la Viwango (TBS) ni kwamba bakteria waliokwisha kutambuliwa watoke maabara. Wachaguliwe wale wanaoshusha pH haraka na kuzuia vimelea vizuri zaidi, wakaushwe, wauzwe kama mbegu ya togwa kwa bei ya mama lishe. Uganda wamefanya hivyo kwenye maziwa: pakiti ndogo ziitwazo Yoba zenye bakteria wakavu huwawezesha wazalishaji wadogo kutengeneza mtindi unaotabirika. Na bakteria wake mkuu hata si wa Uganda, asili yake ni Marekani. Sisi tunao wa kwetu, wameshapewa majina, wamelala kwenye majokofu.

Wasomaji wasinielewe vibaya kuhusu nafaka yenyewe. Mahindi yenye kuvu si ya kutengenezea togwa, kwa kuwa sumu ya kuvu hiyo (sumukuvu) haitegemewi kuondoka kwa kupika wala kwa kuchachusha.

Wakati tunasubiri hiyo mbegu, mabwana afya wapewe karatasi za kupimia pH, ambazo si ghali. Togwa ya pH 4 au chini, isiyoongezwa maji wala barafu, ikiwa kwenye chombo chenye mfuniko, iachwe iuzwe. Iliyobaki wamwage, na wamwambie muuzaji kwa nini wameimwaga.

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Morogoro