Barua kwa Nuru kuhusu siku moja mjini Valletta

Leicester,
14 Agosti

Mpendwa Nuru,

Salamu nyingi kwako, na nyingi zaidi kwa Bi Mkubwa, ambaye nimefurahi mno kusikia kwamba magoti yake yamepata nafuu hata amekubali kupanda meli pamoja nawe mwezi wa Oktoba. Umeniuliza kama mlipie matembezi yanayouzwa melini mtakapofika Malta, au mshuke wenyewe. Mimi na dada yangu tulishuka wenyewe mwezi wa Mei, nami nakusihi mfanye vivyo hivyo. Sisemi hivyo kwa sababu ya fedha tu. Mtu aliyezaliwa pwani yetu, akipitishwa Valletta, mji mkuu wa Malta, mbiombio nyuma ya kibendera cha mwongoza watalii, atakosa jambo ambalo lazima alisikie kwa masikio yake mwenyewe, nalo nitakueleza nikifika huko.

Kwanza, amkeni mapema siku hiyo, mkasimame juu sitahani kabla meli haijaingia bandarini. Mkono wa kulia mtaiona Ngome ya St Elmo, kisha kuta za mji mzima zikipanda kutoka majini, za mawe ya rangi ya asali ambayo jua la asubuhi huyafanya yaonekane kama yanawaka kwa ndani. Nilipoziona zile kuta zilizoinama kidogo, pamoja na pembe zake zilizochomoza kuelekea baharini, nilikumbuka Fort Jesus ya kwetu Mombasa, na baadaye nikatambua kwamba kufanana huko hakukuwa kwa bahati. Jiwe la msingi la Valletta liliwekwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki wa Kiosmani kukizingira kisiwa hicho na kushindwa kukitwaa, na aliyeuchora mji alikuwa Mtaliano, Francesco Laparelli. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, nayo ilichorwa na Mtaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Ufundi wao ulikuwa mmoja, ule wa kujenga ukuta unaoweza kustahimili mizinga.

Meli hufunga gati chini kabisa ya mji, mbele ya maghala ya kale yaliyojengwa mwaka 1752, kwa hiyo hamhitaji basi wala teksi, ingawa madereva watawaita kwa bidii mara tu mtakapotoka langoni. Fuateni barabara ya ufukweni, maji yakiwa mkono wenu wa kulia, na baada ya mwendo wa robo saa hivi mtaikuta lifti kubwa iliyofunguliwa mwaka 2012, inayopanda mita 58 hadi katika bustani ya Upper Barrakka. Lifti hiyo ndiyo rafiki wa Bi Mkubwa. Huko juu kuna viti na vivuli, na bandari yote iko chini ya macho yenu. Mkikaa hapo hadi saa sita kamili mchana, mtashuhudia mzinga ukifyatuliwa kutoka safu ya mizinga iliyo chini ya bustani. Mtahadharishe mama mapema, kwa maana mshindo wake ni mkubwa.

Kutoka bustanini hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana ni mwendo mfupi na barabara haina taabu. Jifunikeni mabega, ambalo kwenu si tatizo, na msivae viatu vya visigino vyembamba, kwa sababu sakafu yote imefunikwa kwa makaburi yapatayo 400 ya mashujaa wa dini, yaani wapiganaji wa Kikristo wa Shirika la Mtakatifu Yohana waliokitawala kisiwa zamani, ya marumaru ya rangi mbalimbali, na walinzi hawaruhusu visigino vya kuikwaruza. Humo ndani kuna picha ya mchoraji wa Kitaliano, Caravaggio, ya mwaka 1608 inayoonyesha kuuawa kwa Nabii Yahya, na ndiyo kazi yake pekee aliyoitia jina lake, akaliandika katika damu inayotiririka shingoni mwa aliyeuawa. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ikiwa siku yenu itaangukia Jumapili, watalii hawaingii, kwa hiyo itazame ratiba mapema. Ninakuomba tu msiteremke kutoka hapo kuelekea St Elmo kwa miguu, kwani mitaa inayoshuka baharini mingine ni ngazi tupu, na kushuka si kazi, kazi ni kurudi.

Sasa nifike kwenye lile nililotaka hasa kukuandikia. Tuliamua kuvuka bandari hadi Birgu, mji wa kale ambako mashujaa hao waliishi tangu mwaka 1530 kabla ya kujenga Valletta. Tulikosea njia mwanzoni, tukashukia upande wa pili wa mji, kwenye boti za kwenda Sliema, tukapoteza karibu saa nzima. Nyinyi mwendao Birgu tafuteni gati lililo karibu na mguu wa ile lifti. Tulipolifikia, boti ilikuwa imekwisha kuondoka. Mama mmoja mzee wa pale pale, mwenye kikapu cha mboga, alimuuliza mkata tiketi neno fulani, na yule kijana akamjibu bila kuinua kichwa: “Kull nofs siegħa.” Nuru, nilimshika dada yangu mkono. Hakuna aliyetutafsiria. Kila nusu saa! Maneno matatu, na yote matatu nimeyasema tangu utotoni.

Tangu hapo hatukuacha kusikiliza. Kimalta kilizaliwa na Kiarabu kilichofika kisiwani katika enzi iliyoanza mwaka 870, na kwa kuwa sisi nasi tulikopa kwa Waarabu, tunakutana nao njiani. Kitabu kwao ni ktieb, bahari ni baħar, dunia ni dinja, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Ishirini na tano huitamka ħamsa u għoxrin, kama marehemu bibi yangu alivyokuwa akisema hamsa wa ishirini alipohesabu vitumbua vyake. Wao ni Wakatoliki, lakini Mungu humwita Alla, na Kwaresima huiita Randan. Wewe uliyekaa Muscat miaka yote hii utasikia mengi kuliko mimi, na ninakuonea wivu kwa hilo. Walio kwenye matembezi ya melini husikia Kiingereza cha mwongozaji peke yake, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukusihi.

Kuhusu chakula, vitumbua vyao vya tabaka tabaka vyenye jibini au njegere, viitwavyo pastizzi, vinanukia kila pembe, lakini ulizeni kwanza, kwa kuwa wako wanaotengeneza unga wake kwa mafuta ya nguruwe. Sisi tulikula mkate uliosuguliwa nyanya na kumwagiwa mafuta ya zeituni, ukajazwa jodari, tukashiba hadi jioni.

La mwisho ni saa. Meli huwasubiri waliokwenda kwa matembezi yake yenyewe, bali aliyeshuka mwenyewe akichelewa huachwa. Meli yetu ilitoka Ugiriki, ambako saa iko mbele kwa saa moja, na melini hawakuibadilisha, ilhali simu zetu zilijibadilisha zenyewe tuliposhuka. Kwa hiyo vaa saa ya mkononi iliyofuata saa ya meli na usiitegemee simu, kisha uwe gatini saa moja kabla ya muda ulioandikwa langoni. Tena, ikiwa meli yenu itapitia Tunisia kabla ya Malta, hakikisha viza yenu ya Schengen, yaani ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ni ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa Tunisia haimo katika nchi hizo.

Niandikie mara utakapopata tarehe ya kufika, nami nitakutumia ramani niliyoichora kwa mkono, yenye gati, lifti na viti vya kivulini nilivyovitia alama kwa ajili ya Bi Mkubwa.

Rafiki yako akupendaye,
Saumu