Simu kwenye mfuko wa nailoni siyo redio

Mhariri, naomba nafasi niwaseme manahodha wenzangu wa huku Mafia, maana bado watu wanavuka na simu tu wakidhani wamejipanga, mtandao ukikata ndo basi tena. Nunueni redio ya VHF ya mkononi, ile ya kuongea baharini bila mtandao wa simu, ila msikubali maneno ya muuzaji eti "haiingii maji", angalieni imeandikwa IPX7, yaani inavumilia mita 1 chini ya maji kwa dakika 30, na iwe inaelea, maana ikikuchomoka ikazama hiyo IPX7 itakusaidia nini? Nguvu ya wati 5 inatosha, ila ukichuchumaa mashuani mawimbi yake hayafiki mbali, simama. Na chaneli 16 ni ya dharura jamani, siyo ya kuulizana bei ya samaki changu.

Nahodha, Kilindoni